Kibanio cha Chaneli 75

Wanaotufuatilia kwa video wameshakiona. Kiko ukutani nyuma ya maikrofoni yangu: kibanio cha nguo cha mbao, kimepakwa rangi ya chungwa, kimeandikwa 75 kwa kalamu nene. Haupiti mwezi bila mtu kuuliza. Mmoja aliandika, "Dada, hiyo ni namba ya nyumba?" Mwingine alidhani ni mwaka aliozaliwa Baba. Hapana jamani. Ni chaneli ya redio.

Kipindi chetu cha mwisho kilihusu vitu ambavyo wazazi wetu hawataki kuvitupa, na niliahidi kwamba hadithi ya kibanio nitaiandika huku, pamoja na yale maelezo ya ufundi ambayo mwenzangu aliyakata kwa sababu "hakuna atakayekaa dakika kumi kusikiliza habari za betri". Haya, tuone.

Baba alikuwa fundi redio Mombasa kabla hajaja Leicester. Hapa akaishia kutengeneza mabasi, lakini redio haikumtoka. Mwaka 1999 alinunua ndege ya mfano. Si droni, na si kitu cha kuchezea mtoto: mbawa za mita moja na nusu, mbao nyepesi ya balsa, injini ndogo inayokunywa mafuta, na rafadha inayoweza kukukata kidole ukizubaa. Kila Jumapili isiyo na mvua (yaani si Jumapili nyingi) alinichukua hadi kwenye uwanja wa klabu yao, kipande cha nyasi katikati ya mashamba nje ya mji.

Kama hujawahi kuiona, inafanya kazi hivi. Rimoti unayoishika inatuma mawimbi. Ndani ya ndege kuna risiva inayoyapokea. Risiva inaziambia sevo, ambazo ni mota ndogo zenye mkono, zisogee kiasi gani. Sevo moja inavuta usukani wa mkia, nyingine inainua na kushusha pua, nyingine inalaza ndege kulia au kushoto, na ya nne inaongeza au kupunguza mafuta ya injini. Basi. Mengine yote ni vidole vyako na macho yako.

Rimoti ya Baba ilikuwa ya megahezi 35. Hapa Uingereza masafa hayo yametengwa kwa ndege za mfano tu. Magari na boti za mfano zina megahezi 40. Yamegawanywa katika chaneli, kuanzia 55 hadi 90, na kati ya chaneli moja na nyingine kuna nafasi ya kilohezi 10. Chaneli 75 ni megahezi 35.150. Ili kuwa kwenye chaneli hiyo, unachomeka kristali mbili, vidude vidogo vya chuma vinavyokaa kwenye ncha ya kidole: moja kwenye rimoti, mwenzake kwenye risiva.

Sasa hapo ndipo penye hatari. Risiva ya zamani haijui rimoti yako ni ipi. Inasikia chaneli 75, basi. Mtu mwingine akiwasha rimoti ya 75 wakati ndege yako iko juu, risiva inasikia sauti mbili kwa pamoja, haielewi hata moja, na ndege inaanguka. Mwenye kosa huenda hata hajui kama amekosa. Yuko kwenye maegesho anajaribu vitu vyake.

Dawa yake ilikuwa ubao. Kila klabu ilikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo, kimoja kwa kila chaneli. Ukitaka kuwasha rimoti, kwanza unachukua kibanio cha chaneli yako na kukibana kwenye antena. Kama hakipo ubaoni, mtu anacho, na wewe huwashi. Hata kwa sekunde moja. Nikiwa na miaka minane kazi yangu uwanjani ilikuwa hiyo: kukimbia ubaoni na kumletea Baba 75.

Mara nyingi nilikuta hakipo. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kiingereza, dereva wa basi aliyestaafu, naye alikuwa 75. Wawili hao hawangeweza kuruka pamoja, kwa hiyo walirushiana zamu. Mmoja anarusha dakika kumi, mwingine anasimama kando yake akingoja kibanio. Baba wakati ule Kiingereza chake kilikuwa cha kazini tu: breki, gia, oili. Pale kwenye nyasi alijifunza kulalamikia hali ya hewa, kusifia kutua kwa mwenzake, kusema pole. Nyumbani alimwita "jirani yangu wa 75". Hakuwahi kuja kwetu, wala sisi kwake. Walijuana uwanjani tu, kwa miaka zaidi ya kumi.

Katikati ya miaka ya 2000 zikaanza kuuzwa rimoti za gigahezi 2.4, eneo lile lile la masafa linalotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Mmoja mmoja watu wa klabu wakahamia. Jirani wa 75 alihama mwaka 2010. Kuanzia hapo hakuhitaji kibanio. Akifika anawasha, anarusha, anaenda zake. Walikuwa bado wanasalimiana, lakini hapakuwa tena na sababu ya kusimama pamoja. Ubao ukabaki umejaa vibanio visivyochukuliwa na mtu, isipokuwa pengo moja pale kwenye 75.

Nilimwambia Baba ahame. Jibu lake, lazima nikiri, lilikuwa na mantiki: "Zamani tulikuwa tumesongamana. Sasa barabara yote yangu, ndiyo nihame?" Na kweli, megahezi 35 bado ni halali hapa. Tatizo halikuwa sheria wala msongamano. Tatizo lilikuwa umri. Antena ya chuma ya kuvuta ilikuwa imelegea kwenye kiungo. Kristali za akiba hazipatikani kirahisi. Halafu Jumapili moja ya mwaka 2022 ndege ikatetemeka hewani, mara tatu, bila Baba kugusa kitu. Alitua salama lakini uso ulikuwa umembadilika. Hakusema neno mpaka tulipofika garini. "Haya. Nieleze hiyo redio yako mpya. Lakini nieleze vizuri, mimi si mtoto."

Nyinyi mnaosoma hapa mnaijua hali hiyo. Kiswahili changu ni cha jikoni na cha kusalimia wageni. Sasa nimweleze fundi redio jinsi watu ishirini wanavyoweza kutumia masafa yale yale bila kuvurugana? Nilikuwa nasema "ile nini, ile wave", naye ananisahihisha: wimbi. "Ile frequency." Masafa. Mwishowe nikaachana na vitabu nikachukua harusi.

Nikamwambia: fikiria nyumba ya harusi, kelele kila chumba. Wewe na ndugu yako mmepanga kabla. Neno la kwanza unamwambia jikoni, la pili sebuleni, la tatu barazani, la nne ghorofani, na mnajua mpangilio huo nyinyi wawili tu. Kama jikoni mtu anapiga kelele, umepoteza neno moja, si hadithi nzima. Na kila neno unalitanguliza kwa jina lako, ili ndugu yako asije akamsikiliza mtu mwingine. Mifumo mingi ya 2.4 inafanya hivyo: rimoti na risiva zinarukaruka pamoja kutoka masafa haya hadi yale, mara nyingi sana kwa sekunde, na kila ujumbe unabeba namba ya rimoti iliyoutuma.

Akanyamaza. Kisha akauliza swali la fundi: "Na huo mpangilio wa vyumba, risiva inaujuaje?"

Nikamwambia kuna hatua ya mwanzo: unabonyeza kitufe kwenye risiva huku rimoti ikiwa katika hali maalumu, wanafahamishana, taa inatulia, na kuanzia hapo risiva haimsikilizi mwingine.

"Kumbe mnawaozesha," akasema. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu neno ni hilo. Risiva haiunganishwi, inaozwa.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1942 mwigizaji wa filamu Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza Marekani kwa mfumo wa kuongoza topido kwa redio inayorukaruka masafa, ili adui asiweze kuivuruga. Walipendekeza masafa 88, idadi ile ile ya vitufe vya piano. Baba alilipenda hilo kuliko maelezo yangu yote.

Lakini rimoti yake alikataa kuiacha. Vijiti vyake vimelika pale vidole gumba vyake vinapokaa, na mimi pia nikishika rimoti nyingine naona kama nimevaa viatu vya mtu. Bahati nzuri, rimoti nyingi za miaka ile zina moduli nyuma, kijisanduku kinachotoa mawimbi, na kinachomoka kwa kubana vishikizo viwili. Tukanunua moduli ya 2.4 inayoingia pale pale, na risiva yake. Hakikisha tu ina alama ya CE au UKCA, na kwamba rimoti imewekwa kwenye PPM, maana ndiyo lugha ambayo moduli hizi huielewa.

Kazi ilituchukua jioni moja. Antena ya chuma tukaifungua tukaiweka kando. Sevo zote nne zilibaki, kwa sababu wanachokisikia ni kile kile: mapigo ya umeme ya kati ya milisekunde 1 na 2, ambapo 1.5 ni katikati. Plagi zake zilikuwa na kijisikio pembeni ambacho hakikuingia kwenye risiva mpya. Tukakikata kwa wembe. Na kwa kuwa rimoti ni ile ile, mpangilio haukugeuka. Ukinunua rimoti ya kampuni nyingine angalia sana hapo, maana wengine huweka mafuta chaneli ya tatu na wengine ya kwanza, na kuna wanaoyaweka kinyume: unadhani umepunguza, kumbe umefungulia yote.

Kilichomshangaza Baba ni antena. Risiva ya zamani ilikuwa na waya wa karibu mita moja uliopita mpaka mkiani, kwa sababu wimbi la megahezi 35 lina urefu wa zaidi ya mita 8. Wimbi la 2.4 ni sentimita 12 na nusu tu, kwa hiyo ncha ya antena inayofanya kazi ni kama sentimita 3. Mbili, tukazipanga zikae pembe mraba, ili ndege ikigeuka vyovyote angalau moja inasikia. Mawimbi mafupi namna hii yanazuiwa kirahisi zaidi na chuma, nyuzi za kaboni, miti iliyolowa, hata mwili wako. Ndege yetu ni ya mbao, basi tukapona hapo.

Tukaweka kinga: mawimbi yakipotea, risiva ishushe injini hadi mlio wa chini. Halafu jaribio la umbali. Moduli ina kitufe kinachopunguza nguvu. Nikakibonyeza, Baba akahesabu hatua thelathini kwa sauti kule uwanjani, na sevo zote zikaendelea kutii. Kila kitu sawa.

"Betri je?" akauliza.

"Nimeipima," nikasema. Na kweli niliipima. Ilikuwa betri ile ile ya zamani ya ndani ya ndege, seli nne, iliyoandikwa volti 4.8, na mita yangu ilisoma 5.1. Nikaona kununua nyingine ni kutupa pesa.

Mruko wa kwanza mzuri. Wa pili mzuri zaidi. Wa tatu Baba akataka kujifurahisha, akailaza ndege kwenye kona kali huku akivuta pua juu na kuongeza mafuta. Sevo zote zikafanya kazi kwa wakati mmoja. Na ndege ikaacha kusikia. Nilimwona akirudisha vijiti katikati, na ndege ikaendelea kuzunguka tu, injini juu, ikishuka. Sekunde mbili, labda tatu. Kisha ikazinduka, pua ikaanza kuinuka, lakini ardhi ilikuwa karibu mno. Ikaingia kwenye shamba la ngano la jirani. Tulisikia mlio wa mbao kabla hatujaona kitu.

Njiani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Usiku ule alitoa mita yake ya mshale aliyokuja nayo kutoka Mombasa, akaunganisha betri na risiva, akaniambia nisukume vijiti vyote kwa pamoja. Mshale ukaanguka. Betri iliyosoma 5.1 ikiwa imelala, ikifanyishwa kazi ilishuka chini ya 3.5. Risiva ya megahezi 35 ingevumilia, ingedhoofika kidogo tu. Risiva ya 2.4 ni kompyuta ndogo: volti zikishuka mno inazimika, kisha inawaka upya na kuanza kumtafuta mwenziwe. Na wakati imezimika, ile kinga tuliyoiweka haisaidii kitu, maana hakuna wa kuitekeleza.

"Fundi redio gani," akasema Baba, "anakubali betri iliyopimwa ikiwa imelala?" Alikuwa anajisema yeye, si mimi. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo, kama mzazi wako naye ana ndege ya zamani chini ya ngazi na umepata hamu ya kumbadilishia redio, chukua haya kwangu:

Betri ya risiva ibadilishe pamoja na redio. Seli tano za NiMH, volti 6, zinatosha kwa sevo nyingi za zamani, lakini soma kwanza sevo zako zinavumilia volti ngapi. Swichi na waya zake pia ni za umri ule ule, badilisha.

Pima betri ikiwa inafanya kazi, sevo zote zikisogea.

Weka kinga ya injini, kisha ijaribu: ndege ikiwa imeshikwa vizuri chini, zima rimoti uone kama injini inashuka kweli.

Fanya jaribio la umbali injini ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inanguruma.

Na kwa hapa Uingereza, tangu 2019 kuna kujiandikisha kwa mamlaka ya anga na kubandika namba yako kwenye ndege. Baba alijiandikisha siku za mwanzo kabisa. Mtu aliyepitia foleni za uhamiaji haogopi fomu.

Wiki tano ndege ilikaa chini ya ngazi, bawa moja limevunjika katikati. Jumapili Baba alikuwa anaosha gari. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Umemwondolea kitu." Sikuwa na la kujibu.

Wiki ya sita mlango ukagongwa. Ni jirani wa 75, na vipande vya balsa chini ya kwapa na gundi mfukoni. Mtu wa klabu alikuwa na anwani yetu. Akasema amechoka kuangalia pengo ubaoni. Mama akaleta chai na mahamri; alikula manne, akauliza yametengenezwa na nini, akaambiwa iliki, akaandika. Wazee wawili wakalala juu ya meza yetu ya chakula na lile bawa mpaka saa nne usiku. Nilikuwa nimekaa hapo nashikilia taa, na kwa mara ya kwanza nikasikia Baba akielezea habari za masafa kwa Kiingereza, kwa mfano wangu wa harusi. Mzee alicheka alipofika kwenye kuozesha.

Mwisho wa Agosti tulirudi uwanjani, betri mpya, bawa lenye kiraka cheupe. Baba aliporuka, mzee hakukaa kwenye kiti kungoja. Aliwasha yake, akaondoka nyuma yake. Ndege mbili zikazunguka juu ya ile ngano iliyokwisha kuvunwa, moja ikiifuata nyingine, na chini wao wawili wamesimama bega kwa bega kama zamani.

Nikawa nahesabu miaka. Tangu 1999 walikuwa marafiki kwa sababu ya chaneli moja, na kwa sababu hiyo hiyo hawakuwahi hata siku moja kuwa hewani pamoja. Baba naye nadhani alikuwa anahesabu, kwa sababu bila kuondoa macho angani aliniambia, "Nenda ubaoni uniletee kile kibanio. Hakina kazi tena, wasije wakakitupa."

Nikakimbia, kama nilivyokuwa nikikimbia nikiwa na miaka minane. Safari hii nilikikuta.